Miaka yangu ya mwanzo: kutoka meza ya kulehemu hadi kompyuta ya setilaiti (uzi mrefu)

Lehemu_Moto (mleta uzi)

Wakuu, habari za muda huu.

Kwenye uzi mwingine nilidokeza kwamba miaka yangu ya mwanzo kama injinia wa programu sikugusa tovuti wala programu ya simu hata moja. Nilianzia kwenye meza ya kulehemu nikipima bodi za kumbukumbu, kisha nikahamia kwenye kompyuta za setilaiti ndogo. Tangu siku hiyo watu wananifuata faragha wakitaka niwaeleze njia niliyopita. Kumjibu mmoja mmoja sitaweza, kwa hiyo naliweka lote hapa. Nitaandika kwa vipande. Mwenye haraka aweke alama, arudi baadaye.

Kuna jambo moja ninalotaka kijana anayeanza fani hii aondoke nalo: programu ni umeme uliokaa mahali. Kila biti (sifuri au moja) uliyoiandika ina makazi yake, ama ni chaji iliyohifadhiwa kwenye kapasita ndogo mno, ama ni transista chache zilizoshikana katika hali moja. Makazi hayo hupata joto, hutikiswa, hupigwa na mionzi. Chuoni nilifundishwa algorithimu vizuri sana na nawashukuru walimu wangu, ila hili nililijua kwa kulilipia siku tisa.

Kazi yangu ya kwanza ilikuwa kuandika programu ya kupima kumbukumbu za bodi za kudhibiti mitambo. Bodi inatoka kuunganishwa, unaichomeka, programu inaandika ruwaza kwenye kila anwani kisha inaisoma tena. Ruwaza zenyewe zinajulikana: sifuri tupu, moja tupu, moja na sifuri kwa kupishana, halafu ile ya kutembeza moja, ambapo biti moja inawaka peke yake na kuhama hatua kwa hatua mpaka mwisho wa neno, yaani kundi la biti zinazosomwa kwa pamoja. Hiyo hukamata nyaya mbili zilizogusana, maana ukiwasha mmoja na jirani yake anawaka. Ya mwisho ni ruwaza ya anwani: kila anwani unaiandikia namba yake yenyewe, kama vile kila nyumba iandikwe namba yake mlangoni.

Ikaja bodi moja. Ikiwa baridi inapita vipimo vyote. Ukiiacha ifanye kazi kama dakika 40, makosa yanaanza kumwagika kwenye skrini, tena kwenye ruwaza ya anwani tu. Nikaamini kasoro iko kwenye programu yangu, kwa kuwa programu ndiyo niliyokuwa naijua. Nikapitia msimbo mstari kwa mstari. Nikapunguza kasi ya basi, yaani nyaya zinazopitisha data kati ya chipu. Nikaandika upya sehemu yote ya kusoma. Siku ya sita nikaanza kuishuku kompaila, ile programu inayogeuza msimbo kuwa lugha ya mashine.

Siku ya tisa akaja fundi mmoja wa kulehemu, mama mtu mzima ambaye sote tulimwita Mama tu, akasimama nyuma ya kiti changu. Hakuuliza habari za msimbo. Akachukua kopo la kupozea, akapuliza kona moja ya chipu, mpulizo mfupi. Makosa yakakoma. Akangoja chipu ipate joto tena, yakarudi. Akapuliza kona ya pili, hakuna kilichobadilika. Akarudia ile ya kwanza, yakakoma. Ndipo akanipa lenzi. Kwenye mguu mmoja wa chipu lehemu ilikuwa ya kijivu, imefifia, wakati miguu ya jirani inang'aa, na kuuzunguka mguu kulikuwa na ufa mwembamba kama wa ukucha uliopasuka. Ikiwa baridi, chuma kinagusana na chuma. Ikipata joto, bodi inatanuka kwa kiasi chake na chipu kwa kiasi chake, ufa unafunguka.

"Msimbo wako mzima, mwanangu," akaniambia. "Mguu ndio unaumwa." Akanikabidhi chuma cha kulehemu niutibu mwenyewe.

Kilichonikaa moyoni kuliko yote nilikiona jioni ile. Mguu ule ulikuwa wa waya wa anwani namba 11. Nikafungua orodha ya makosa ya siku ya kwanza, nikaziandika anwani kwa mfumo wa namba mbili, moja chini ya nyingine. Kila anwani iliyokosea, thamani iliyosomwa ilikuwa ile iliyotakiwa kukaa kwenye anwani pacha, na tofauti ya pacha hao ni biti ya 11 peke yake. Waya ukikatika, nyumba mbili zinakuwa mlango mmoja, na anayeandika wa pili anamfuta wa kwanza. Programu yangu ilikuwa imenitajia mguu mgonjwa tangu siku ya kwanza. Mimi nilikuwa nasoma makosa ni mangapi, sikusoma yako wapi.

Nakwenda kupumzika kidogo, kipande cha pili kinakuja.

Waya_Mwekundu

Mkuu, nimeweka kambi hapa. Hiyo ya anwani pacha imenigusa, mimi pia huwa nahesabu idadi tu na kuendelea.

NusuBiti

Haya ni madini. Tafadhali usiuache uzi njiani kama wengine. Swali langu: ulitokaje kwenye bodi za mitambo ukafika kwenye setilaiti? Huwa naona nafasi zile wanataka watu waliosomea anga.

Lehemu_Moto (mleta uzi)

Nashukuru wakuu. NusuBiti, nilidhani hivyo hivyo.

Kulikuwa na kikundi kinajenga setilaiti ndogo, zile za mchemraba wa sentimita 10 kila upande. Kipimo hicho kilianzishwa mwaka 1999 na Jordi Puig-Suari wa chuo cha Cal Poly na Bob Twiggs wa chuo cha Stanford, lengo likiwa wanafunzi waweze kujenga chombo halisi cha anga wakiwa bado masomoni. Kikundi kilikuwa na watu hodari wa obiti, wa antena, wa paneli za jua. Walichokosa ni mtu anayeweza kusoma mchoro wa saketi asubuhi na kuandika msimbo wa lugha ya C mchana, kwa ajili ya bodi ile ile.

Kwenye usaili hawakuniuliza chochote cha anga. Waliweka mezani picha ya oskiloskopu (kifaa kinachoonyesha umeme kama mawimbi), ya basi ya I2C, ile ya waya wa data na waya wa saa unaotoa mapigo, wakasema: tueleze unaona nini. Mawimbi yalitakiwa kuwa ya pembe mraba. Yalikuwa yanashuka wima, lakini yanapanda kwa kujivuta, mgongo umepinda, na mengine hayafiki juu kabla ya pigo linalofuata. Nikasema rezista ya kuvuta juu ni kubwa mno kwa urefu wa nyaya hizi, wekeni ndogo. Kwenye basi hiyo kila chipu inaweza kuushusha waya, hakuna inayoupandisha. Anayepandisha ni rezista, na rezista kubwa hujaza waya polepole. Nikapata kazi.

Kitu cha kwanza nilichojifunza pale kilitokea ndani ya chumba cha ombwe. Bodi yetu ilikuwa imekaa mezani wiki nzima ikifanya kazi bila shida. Tukaiingiza chumbani, pampu zikavuta hewa, na joto la prosesa likaanza kupanda taratibu bila dalili ya kutulia. Mezani hewa ndiyo iliyokuwa inabeba lile joto bila sisi kuijua. Ndani ya ombwe hakuna hewa, joto linatoka kwa njia mbili tu: kupitia chuma hadi kwenye fremu, na kwa mnururisho, yaani kutoka kama miale.

Wenzangu wakaanza kujadili mkanda wa shaba wa kupitishia joto, gramu kadhaa ambazo hatukuwa nazo. Nikaangalia msimbo wangu. Kati ya kazi moja na nyingine, prosesa ilikuwa inazunguka kwenye kitanzi tupu ikiuliza "muda umefika? muda umefika?" mamilioni ya mara. Nikaondoa kitanzi, nikaweka amri ya kulala, iamshwe na kipima muda. Joto likashuka na kutulia. Mkanda wa shaba haukuhitajika. Kwa mara ya kwanza nikaona kwa macho kwamba mstari mmoja wa programu una uzito wa gramu na nyuzi za joto.

Halafu ikaja mionzi. Hili nitalikalia kidogo kwa sababu ndilo lililobadilisha namna ninavyofikiri.

Mwaka 1975 Binder, Smith na Holman waliandika kwamba hitilafu za ajabu kwenye saketi za setilaiti zilikuwa zinasababishwa na miale ya anga: chembe moja inapita ndani ya silikoni, inaacha njia yenye chaji, na biti inageuka. Chipu haijaungua, ni nzima kabisa, ila iliyokuwa sifuri sasa ni moja. Miaka michache baadaye, 1978, May na Woods wa Intel wakaonyesha kwamba hata hapa chini jambo hilo lipo, chanzo kikiwa chembe za alfa kutoka kwenye mabaki madogo ya urani na thoriamu ndani ya gamba la chipu lenyewe.

Dawa yake ilikuwa imetangulia ugonjwa. Richard Hamming wa maabara ya Bell Labs alichapisha misimbo yake ya kusahihisha makosa mwaka 1950, baada ya kuchoka kuona mashine inakatisha kazi zake za mwisho wa wiki kwa kosa dogo. Unaongeza biti chache za ukaguzi kwenye kila neno, na neno likikosewa biti moja unajua ni ipi na kuirudisha. Toleo linalotumika sana husahihisha biti moja na kugundua mbili.

Sasa hapa ndipo mgeni hukosea, na mimi nilikosea. Nilidhani kumbukumbu ikiwa na ukaguzi wa namna hiyo, kazi imekwisha. Lakini neno lisiloguswa kwa wiki mbili linaweza kupigwa mara ya kwanza leo na mara ya pili wiki ijayo, na likishakuwa na makosa mawili halisahihishiki tena. Kwa hiyo inabidi programu ifagie: kazi ndogo ya nyuma inayopita kumbukumbu yote neno kwa neno, inasoma, inasahihisha, inaandika tena, inaanza upya, siku zote za maisha ya chombo. Kufagia ndiyo kazi ya kwanza niliyoandika ikaruka.

Kila ilipokuwa inasahihisha biti, iliandika saa. Setilaiti ya obiti ya chini huizunguka dunia kwa dakika 90 na kitu, na tukiiona kwenye upeo wetu tuna dakika kama 10 za kupakua data. Tulipopata data ya kutosha nikaweka kila saa kwenye ramani, pale setilaiti ilipokuwa. Nukta zikajikusanya juu ya Atlantiki ya Kusini na Brazili. Si jambo jipya, kila anayerusha chombo analijua: mhimili wa sumaku ya dunia haupiti katikati kabisa ya dunia, kwa hiyo upande ule ukanda wa ndani wa mionzi wa Van Allen unashuka chini zaidi na chembe ni nyingi. Lakini kuiona ramani ya sumaku ya dunia imechorwa na kazi ndogo ya kufagia uliyoiandika mwenyewe, wakuu, sijui niseme nini. Nilikaa kimya mbele ya skrini muda mrefu.

Waya_Mwekundu

Nimesoma hiyo aya ya mwisho mara mbili. Asante.

Tai_wa_Kanuni

Mleta uzi, heshima yako ipo pale pale, ila nipinge kidogo. Leo mtu anaandika programu nzuri bila kushika chuma cha kulehemu maisha yake yote. Ingenuity, helikopta ya Mars, ilibeba prosesa ya aina ya simu na mfumo wa Linux, na ikaruka. Na maafa makubwa ya anga hayakutokana na chuma, yaani vifaa vyenyewe. Roketi ya Ariane 5 ilikufa kwa kosa la programu tupu. Huoni unawarudisha vijana nyuma?

Lehemu_Moto (mleta uzi)

Mkuu Tai, hoja nzuri, nitaijibu kwa uzito wake.

Ingenuity kweli ilitumia prosesa ya Snapdragon 801 na Linux, ikaruka mara ya kwanza tarehe 19 Aprili 2021, na ingawa ilipangiwa safari zisizozidi 5 ilifikisha 72. Ila angalia kilichowekwa kando ya ile prosesa. Usukani wa kuruka ulikuwa kwenye vidhibiti viwili vidogo vilivyotengenezwa kwa mifumo ya usalama, na juu yao kulikuwa na chipu inayostahimili mionzi ikiwachunga wote. Waliochagua prosesa ya simu walijua hasa itaugua nini, ndiyo maana waliweza kuichagua. Na jaribio la tarehe 9 Aprili, la kuzungusha rafadha kwa kasi kamili, lilikatishwa na saketi ya mlinzi, ile saa inayohesabu na kusimamisha mambo programu isipofika kwa wakati. Ndege haikuumia.

Ariane 5 hapo ndipo nataka tukae. Tarehe 4 Juni 1996, sekunde kama 37 baada ya injini kuu kuwashwa, namba ya nukta inayoelea (yenye desimali) ya biti 64 ilibadilishwa kuwa namba kamili ya biti 16, haikutosha, kompyuta ya mwelekeo ikajizima. Msimbo ulirithiwa kutoka Ariane 4, ambako namba hiyo haikuwahi kufika ukubwa ule. Kulikuwa na kompyuta ya akiba. Nayo ilikuwa imekufa kabla kidogo, kwa kosa lile lile, maana ilibeba programu ile ile.

Kwa nini ilijizima badala ya kuendelea na makadirio? Kwa sababu waliobuni mfumo waliona kosa lolote kama dalili ya chipu kuharibika. Chipu huharibika kwa bahati, moja moja, kwa hiyo ukiizima mbovu unabaki na nzima. Fikra hiyo ni sahihi kwa mguu uliopasuka na kwa biti iliyogeuzwa na mionzi. Kwa kosa la programu si sahihi hata kidogo, kwa kuwa kosa la programu lipo kwenye nakala zote kwa wakati mmoja. Kwa hiyo nakubaliana na wewe kwamba kosa lilikuwa la programu. Ila lilipita kwenye ufa kati ya watu wa chuma na watu wa programu, na kule ndiko ninakotaka vijana wakakae.

Tai_wa_Kanuni

Hiyo ya "moja moja" na "zote kwa wakati mmoja" nilikuwa sijaifikiria hivyo. Nimekuelewa.

BintiSaketi

Naomba niongezee, maana mada hii naipenda. Margaret Hamilton, aliyeongoza programu za kompyuta ya Apollo, safari za Marekani za mwezini, pale chuo cha MIT, watu humtaja kwa ile picha yake na rundo la makaratasi lililofika kimo chake. Miaka yake ya mwanzo haisemwi sana, nayo ilikuwa karibu na chuma kuliko sisi wote.

Mwaka 1959 alianza na Edward Lorenz, mtaalamu wa hali ya hewa, kwenye mashine ya LGP-30. Mashine yenyewe ukubwa wa meza ya ofisi, vali 113 (taa za elektroniki za zamani), na kumbukumbu ya ngoma inayozunguka yenye maneno 4,096. Kwenye ngoma, neno likishapita kichwa cha kusomea inabidi ungoje lizunguke tena, kwa hiyo mwandishi mzuri wa programu alipanga maneno kwa kufuata mzunguko wa chuma. Kisha akaenda kwenye mradi wa SAGE, ulinzi wa anga wa Marekani, kompyuta ya kujaza jengo. Mashine ile ilitoa sauti programu ikienda, na yeye alisimulia kwamba programu yake ikiwa nzima ilisikika kama mawimbi ufukweni. Usiku mmoja opereta alimpigia simu kumwambia programu yake haisikiki tena kama bahari.

Ndiyo maana nasema alifika Apollo akiwa tayari anaisikia mashine. Na kompyuta ya Apollo ilimstahili: maneno 2,048 ya kumbukumbu ya kufutika na 36,864 ya kudumu. Ya kudumu ilisukwa kwa mkono na wanawake wa kiwanda cha Raytheon. Waya ukipita ndani ya kipete cha sumaku ni moja, ukipita nje ni sifuri. Programu ikishasukwa, huibadilishi tena.

Kuna na la binti yake mdogo, Lauren, aliyekuwa anakuja naye kazini. Alibonyeza vitufe vya kifaa cha mazoezi akaita P01, programu ya kabla ya kuruka, wakati chombo cha mazoezi kiko "safarini". Kila kitu kikaanguka. Hamilton akataka kuongeza kinga, akajibiwa kwamba wanaanga wamefundishwa, hawatakosea. Desemba 1968, ndani ya Apollo 8, Jim Lovell aliita P01 hiyo hiyo kwa bahati mbaya, na data ya mwelekeo ikafutika. Ikabidi irejeshwe kwa kutazama nyota upya.

Lehemu_Moto (mleta uzi)

Dada, umenipokea mzigo vizuri. Niongeze moja tu kwenye hilo. Zile tahadhari zenye namba 1202 ambazo kompyuta ya Apollo ilitoa wakati wa kutua mwezini tarehe 20 Julai 1969: rada ya kukutanisha vyombo viwili angani ilikuwa inapata umeme usiolingana awamu na ule wa kompyuta, ikawa inaituma kompyuta kuhesabu mapigo yasiyo na maana yoyote, na kila pigo linaiba muda kidogo. Programu ilikuwa haina kosa. Muda wake ulikuwa unaibwa na waya. Iliokolewa kwa sababu mfumo aliobuni Hal Laning ulipanga kazi kwa umuhimu, ukiishiwa nafasi unajiwasha upya na kubaki na zile za lazima, kutua ikiwamo.

Na kwa anayedhani hayo ni ya zamani: Novemba 2023 chombo cha anga Voyager 1, kilichorushwa Septemba 1977, kilianza kutuma takataka. Wakagundua chipu moja ya kumbukumbu kwenye kompyuta ya data imekufa, ikaenda na karibu asilimia 3 ya kumbukumbu. Chipu huwezi kwenda kuibadilisha, ilikuwa zaidi ya kilomita bilioni 24. Wakaukata msimbo uliokuwa unaishi pale, wakavitafutia vipande makazi mapya kwenye nafasi zilizobaki, wakarekebisha kila sehemu iliyokuwa inaviita. Tarehe 18 Aprili 2024 wakatuma kipande cha kwanza. Ishara ilikuwa inachukua saa 22 na nusu kwenda, na nyingine kama hizo kurudi. Tarehe 20 wakasikia kimefanya kazi. Waliofanya vile ilibidi wajue kila neno la programu limekaa kwenye chipu gani.

NusuBiti

Mkuu, samahani nitoke kidogo kwenye simulizi. Nina bodi hapa inanitesa, nadhani ni kama ile ya usaili wako. Kitambuzi cha joto kwenye I2C, kinafanya kazi siku nzima, halafu ghafla basi yote inakwama mpaka nichomoe umeme. Nilipokusoma nikabadilisha rezista kutoka kilo-omu 10 hadi 4.7. Mawimbi sasa mazuri, pembe zimekaa. Bado inakwama.

Lehemu_Moto (mleta uzi)

Usiombe samahani, uzi ni wa kazi hii. Nijibu matatu. Ikikwama, waya wa data uko juu au chini? Wa saa je? Na kabla ya kukwama prosesa ilijiwasha upya?

NusuBiti

Data iko chini, volti 0.1. Saa iko juu. Kujiwasha upya ndiyo, nimeangalia rekodi za matukio, kila ikikwama mlinzi alikuwa ameiwasha upya prosesa sekunde chache kabla. Nilidhani ni mambo mawili tofauti.

Lehemu_Moto (mleta uzi)

Ni jambo moja. Mlinzi anaiwasha upya prosesa, lakini kitambuzi hakikuambiwa chochote. Umeme wake haukukatika. Prosesa ilikuwa katikati ya kusoma baiti, kitambuzi kimeushusha waya wa data kwa sababu biti inayosomwa ni sifuri, na kinangoja pigo la saa ili kitoe biti inayofuata. Hapo hapo prosesa ikazimwa. Ikirudi, inakuta waya wa data uko chini, inadhani basi ina mtu, inangoja iachiwe. Wote wawili wanangojana.

Fanya hivi kabla ya kuiwasha basi: chukua mguu wa saa uwe wa kawaida, toa mapigo mpaka 9 kwa mkono, data uiache huru. Tisa kwa sababu baiti ni biti 8 na moja ya kukiri. Ndani ya hayo mapigo kitambuzi lazima kifike kwenye biti ya kukiri, kikute hukukiri, kiachie waya. Waya ukipanda, tuma ishara ya kusimamisha, kisha anza kama kawaida. Weka oskiloskopu uangalie.

NusuBiti

Wakuu, nimerudi baada ya siku mbili. Nimeweka mapigo, nikatega oskiloskopu, nikamlazimisha mlinzi aiwashe upya prosesa katikati ya kusoma. Pigo la kwanza, la pili, la tatu, waya uko chini. La nne ukapanda. Nimerudia mara 200, haijakwama hata mara moja.

BintiSaketi

Hongera sana kaka. La nne, maana yake ilikatishwa katikati ya baiti kweli.

Lehemu_Moto (mleta uzi)

Safi sana. Weka hiyo picha ya oskiloskopu hapa wengine waione. Na kwenye msimbo, juu ya kile kitanzi, andika kwa maneno kwa nini kuna mapigo 9 pale, asije mtu baada yako akakifuta akidhani hakina kazi.